Kitale na Bungoma, Pamoja na Leso ya Tatu

Binti yangu ana umri wa miaka 11, na tangu alipokuwa na miaka 6 tunaishi na kifafa nyumbani kama mgeni asiyepiga hodi. Likizo ya Agosti alitaka twende Nairobi akapande bembea za umeme, zile zinazozunguka huku taa zikimetameta. Daktari wake alikwisha tueleza kwamba taa za namna hiyo huwachochea wagonjwa wachache tu, yapata 3 katika kila 100, naye si miongoni mwao. Lakini kuning'inia angani pasi na mtu wa kumshika ni jambo jingine. Tukapatana kwenda Kitale kwa wifi yangu, kisha Bungoma kwa wakwe zake.

Dawa nilizigawa mafungu mawili, moja mkobani mwangu na jingine kwa baba yake, kwani sanduku likipotea njiani hasara iwe ya nguo peke yake. Bungoma ni nchi ya malaria, na homa yenyewe huweza kuleta kifafa, kwa hivyo tulichukua chandarua na kumwuliza daktari juu ya vidonge vya kinga. Vipo visivyomfaa kabisa mwenye kifafa, na meflokwini ni mojawapo. Mwisho nikatia leso tatu: mbili za kujifunga, na ya tatu kwa shughuli nitakayoitaja.

Wengi wa ndugu zetu wa Mombasa hupanda basi la usiku wakafika bara alfajiri. Sisi hatuwezi. Mtoto wa namna hii akikosa usingizi ni sawa na aliyekosa dawa. Tulipanda treni Miritini, tukalala Nairobi, kesho yake tukaendelea mchana. Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya kama msafiri alivyoruhusiwa. Dawa ya saa mbili haikusanywi na ya saa nyingine yoyote.

Kitale iko juu, mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya asubuhi humfanya mtu wa pwani akumbuke blanketi. Makumbusho yake yalitokana na mikusanyo ya Kanali Stoneham, mlowezi wa Kiingereza aliyependa vipepeo na vitabu, aliyefungua jumba lake mwaka 1926. Binti yangu hakujali vipepeo. Alisimama kwenye shimo la nyoka hadi baba yake akachoka.

Saiwa ndiyo iliyonitia hofu. Ni mbuga ya taifa ndogo kuliko zote nchini, eneo la kilomita 3 za mraba hivi, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizotanuka, ambaye akiogopa huzama majini akaacha pua tu. Gari haliingii, watu hutembea kwa miguu, na penye tope hupita juu ya njia za mbao. Nzohe huonekana vizuri alfajiri au jioni. Alfajiri sikukubali, kwa sababu ya usingizi. Tukaenda jioni.

Kuna majukwaa ya mbao yaliyoinuliwa juu ya kinamasi, na binti yangu alitaka kupanda. Miaka mingi nimekuwa nikiwaficha watu maradhi yake, nikisema ana homa, ana uchovu. Siku ile nilimweleza askari wa mbuga waziwazi. Hakushtuka. Alisema, "Basi mama, mimi nitapanda nyuma yake." Akapanda, baba mtu mbele na askari nyuma, nami chini nikisoma kila nilichokihifadhi. Walimwona nzohe mmoja kwenye mafunjo. Mimi sikuona kitu.

Kosa lilikuwa langu, na lilikuja usiku wa mwisho. Wifi alikuwa na wageni, watoto wakacheza hadi saa sita, nami nikaona haya kumwondoa mwanangu penye furaha. Asubuhi tukapanda matatu kwenda Bungoma. Tulipokaribia Kamukuywa mkono wake ukaanza kuruka.

Nilimlaza kwa ubavu, leso moja chini ya kichwa, nikatazama saa. Bwana mmoja alitoa kijiko atiwe mdomoni. Nilikikataa, kwani kijiko huvunja meno, na ulimi haumezwi. Kijana mmoja alijivuta mbali na povu, ingawa kifafa hakiambukizi. Nguo ya mtoto ilikuwa imepanda magotini. Nikaitoa leso ya tatu, na mama mmoja wa Kibukusu, bila kuambiwa, akashika ncha mbili akaitandaza mfano wa pazia mpaka mtikisiko ulipokoma, kabla ya dakika mbili. Ungepita dakika tano tungekuwa tunatafuta hospitali. "Mulembe," alimwambia binti yangu alipofumbua macho. Ndiyo salamu yao. Maana yake ni amani.

Wasomaji wengi wanaijua habari ya yule mwanamke aliyekuwa na kifafa, aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akakhiyarishwa baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Alichagua subira, lakini akaomba asifunuke anapoanguka, na akaombewa hilo. Imo katika Bukhari na Muslim. Tangu hapo siwasikilizi tena wanaoniambia mwanangu ana shetani wa kupungwa. Yule mwanamke alihitaji sitara, na sitara huweza kukunjwa mkobani.

Bungoma alilala kutwa nzima. Siku ya pili tulirudi Webuye kuona maporomoko ya Nabuyole, Mto Nzoia unapoanguka juu ya miamba. Tulikaa mbali na ukingo, maana maji na kifafa havipatani. Akaniuliza kama maji yale yatafika baharini kwetu. Nikamwambia la, yanakwenda Ziwa Viktoria, na kutoka huko yanashika Mto Nile hadi Misri. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama Misri kuna bembea.