Mzazi Aliyegeuzwa Bajeti

Mwezi wa Septemba 2024, wilaya ya shule za umma ya Seattle, katika jimbo la Washington, iliwatangazia wazazi kwamba mwaka wa masomo uliofuata ingekuwa na upungufu wa takriban dola milioni 94, na kwamba baadhi ya shule za msingi huenda zikafungwa. Mipango miwili ikawekwa mezani: mmoja wa kufunga shule 21, mwingine 17. Naishi mji huo, mwanangu Neema anasoma shule ya umma upande wa kusini, na mimi mwenyewe nimelelewa Kawangware, Nairobi. Yaliyofuata niliyatazama nikiwa mtu aliyezoea kuona wazazi wakifanya jambo tofauti kabisa shule inapoishiwa pesa.

Wazazi wa Seattle walianza kwa kusoma. Walichukua vitabu vya bajeti ya wilaya, wakavipitia ukurasa kwa ukurasa, wakagawana sehemu ngumu, aliye mhasibu akimweleza asiye mhasibu. Kisha wakaenda kwenye mikutano ya bodi ya shule, ambako wanaojiandikisha mapema hupewa dakika chache za kusema mbele ya wajumbe saba. Walisimama na mabango nje ya makao makuu ya wilaya. Swali lao kuu lilikuwa la hesabu: mkifunga shule hizi, mtaokoa kiasi gani? Kufikia mwisho wa Oktoba orodha ilikuwa imeshuka hadi shule nne, North Beach, Sacajawea, Sanislo na Stevens, na akiba yake ikakadiriwa kuwa dola milioni chache tu. Hizo ndizo zingeziba pengo la milioni 94. Kabla Novemba haijaisha, mkuu wa wilaya hiyo ya shule, Brent Jones, aliiomba bodi iuondoe mpango wote.

Pengo lilibaki palepale, na vita vya bajeti mjini humo havijaisha. Lakini kuna kitu ambacho mimi, mtoto wa Kawangware, nilikingoja na hakikuja. Katika miezi yote ile hakuna aliyewaambia wazazi: basi leteni nyinyi hizo milioni 94.

Nyumbani ndivyo tungeambiwa. Dadangu anaishi Gatina, huko huko Kawangware, na kila muhula unapofunguliwa huitwa kwenye mkutano wa wazazi. Madarasa hayatoshi kuwaketisha watu wazima wote, kwa hiyo mkutano hufanyika uwanjani. Mwalimu mkuu hueleza, kwa upole na mara nyingi kwa aibu, kwamba pesa za serikali zimechelewa tena, au zimekuja nusu. Halafu husomwa orodha: askari wa lango, maji, karatasi za mtihani, mpishi, na mwalimu wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule, yule anayefundisha kwa sababu TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, haijaleta mwingine. Wazazi hukubaliana kiasi kwa kila mtoto. Mama anayefua nguo kwa siku Lavington, mtaa wa wenye nacho, atalipa kwa mafungu. Fundi wa mjengo ataomba angojewe hadi Jumamosi. Hata asiye na kitu hunyoosha mkono kukubali, kwa sababu mwalimu akiondoka ni mtoto wake atakayekaa darasani bila mtu mbele.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kumtoza mzazi karo ya masomo. Kila mtu uwanjani pale anajua hivyo, na mwalimu mkuu anajua kuliko wote. Anajua pia kwamba serikali imeweka shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi. Zigawe kwa siku za masomo uone: ni kama shilingi saba kwa siku, na saba hainunui andazi moja Kawangware. Hiyo ni pale zinapofika zote na kwa wakati. Wilaya ya Seattle, ambayo ililia mbele yetu kwamba imefilisika, ilikuwa na bajeti ya zaidi ya dola bilioni 1.2 kwa watoto kama 50,000. Sidai kwamba Kenya ina pesa hizo. Ninachosema ni kwamba huku mzazi alisimama upande mmoja na bajeti upande mwingine, akabishana nayo. Dadangu hana wa kubishana naye, maana yeye ndiye amefanywa bajeti.

Haya hayakuanza jana. Shule nyingi za sekondari Kenya baada ya uhuru zilijengwa kwa harambee, kwa mbuzi na magunia ya mahindi yaliyonadiwa. Mwaka 1974 serikali ilifuta karo kwa madarasa manne ya kwanza, mara shule zikabuni ada za majengo kuziba palipobaki wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaja sera ya kugawana gharama, na mzazi akarudishiwa mzigo rasmi. Januari 2003 serikali ya Mwai Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Waliokuwa Kibera, mtaa mwingine wa mabanda Nairobi, wakati huo wanakumbuka lango la shule ya Olympic, iliyosifika kwa matokeo mazuri ya mtihani, wazazi wakisukumana ili jina la mtoto liandikwe.

Hata hivyo ahadi ile ilikuta Kibera ikiwa na shule chache mno za umma, tena karibu zote ziko pembezoni: Olympic, Ayany, Toi, Mbagathi Road. Ndani kabisa, kule Mashimoni au Gatwekera, kwa miaka mingi serikali haikujenga kwa sababu haikuwa imekubali rasmi kwamba watu wanaishi pale. Pengo lile lilizibwa na shule za mabati, zilizoanzishwa na makanisa, na akina mama, na walimu wasio na ajira, na vikundi vya wazazi wenyewe. Wizara ya Elimu huziita za APBET, yaani za elimu ya msingi mbadala, na imeziwekea sera tangu 2009. Nyingi huendeshwa kwa karo ya mzazi, na mwenye shule huipokea jinsi inavyokuja, hata kama ni shilingi hamsini leo na mia kesho. Hiyo ndiyo sababu mzazi wa kibarua huzipenda. Shule inafahamu kwamba mshahara wake hauji mwisho wa mwezi.

Nataka kukaa kidogo kwenye asubuhi mbili.

Ya kwanza ni ya tarehe 23 Julai 2018. Matingatinga yaliingia Kibera alfajiri kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Makazi ya maelfu ya watu yalibomolewa kabla mpango wa kuwahamisha haujakamilika, na shule kadhaa zikaenda nayo, ikiwemo ya Mashimoni. Ilikuwa imebaki kama miezi mitatu tu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ifanywe. Huku Washington, sheria kwa kawaida hairuhusu wilaya kufunga shule hata moja kabla ya kuitisha kikao cha hadhara na kuwasikiliza wazazi wa shule hiyo. Kibera shule zilifungwa kabla ya saa ya kunywa chai, na wazazi wakatumia siku hiyo kuokota madawati kwenye kifusi.

Ya pili ni 23 Septemba 2019, Ng'ando, jirani na Kawangware. Jengo la orofa la mbao na mabati la shule ya Precious Talent liliporomoka masomo yalipokuwa yakianza. Watoto wanane walikufa na wengine wengi wakakimbizwa hospitali. Nilikuwa mbali na simu yangu haikutulia siku nzima. Serikali ilifunga shule nyingi za namna hiyo baadaye, na redioni kukawa na sauti zilizouliza wazazi walikuwa wanafikiria nini kuwapeleka watoto mahali kama pale.

Swali hilo liliniumiza, na bado linaniuma. Mzazi wa Ng'ando alikuwa amefikiria sana. Alikuwa amepima umbali wa shule ya umma na hatari ya mtoto wa darasa la kwanza kuvuka Ngong Road peke yake saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa amesikia kwamba darasa la kule lina watoto zaidi ya themanini. Alikuwa amepiga hesabu ya kile ambacho shule inayoitwa ya bure ingemdai kwa mkupuo Januari, sare na dawati na pesa za mtihani, akaona hakimudu. Alichagua shule iliyokuwa karibu na iliyokuwa radhi kumngoja. Wazazi hawa walikuwa wamegharamia elimu kwa pesa zao katika mtaa ambao serikali haikuutengea shule ya kutosha, na siku jengo lilipoanguka wakaulizwa wao. Mkaguzi wa majengo angepaswa kuulizwa kwanza, na mpangaji wa bajeti kabla yake.

Sitaki mtu asome haya akadhani Seattle ni peponi. Nguvu ya wazazi huku hufuata pesa na muda. Mtaa wenye wahandisi na mawakili hujaza ukumbi wa bodi. Mtaa wenye wasafishaji wa hoteli na madereva, ambao wengi wao ni watu wa kwetu wa Afrika Mashariki, huwa kazini saa hiyo. Kuna vyama vya wazazi vinavyochangisha pesa za kutosha kuajiri mwalimu wa ziada, na vingine havipati hata za safari moja ya darasa. Upande wa kusini-mashariki, shule kadhaa za msingi zimeamua kuchangisha kwa pamoja na kugawana, ili yenye wazazi wenye nacho isineemeke peke yake. Nilipoliona hilo nilihisi niko nyumbani, kwa sababu ni chama cha kuchangiana kama vile vya akina mama wa Kawangware, ila hiki ni cha shule badala ya watu.

Lakini hata hao wanaochangishana bado huenda kwa bodi kudai. Kuchanga hakujawanyima haki ya kuuliza. Hapo ndipo natamani tubadilike sisi, na najua kwa nini ni vigumu. Mzazi wa Seattle ana mlango mmoja wa kubisha. Dadangu ana milango minne, na kila mmoja humwelekeza kwa mwingine. Walimu huajiriwa na TSC. Pesa za kila mwanafunzi hutoka Wizara ya Elimu. Darasa jipya, likijengwa, mara nyingi limetoka mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Chekechea ni ya kaunti, na vilevile chakula cha mchana cha Dishi na County, kilichoanza 2023, ambacho mtoto wa shule ya umma hulipia shilingi tano. Kwa hiyo mwalimu akikosekana wazazi humfokea mwakilishi wa wadi, ambaye hana hata mwalimu mmoja wa kuwapa.

Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu tena kutoa pesa zote za elimu ya bure; mwanafunzi wa sekondari aliyeahidiwa shilingi 22,244 kwa mwaka alikuwa akipewa kama 16,900. Kelele zilipigwa, serikali ikarudi kusema elimu ya bure ingalipo, na jambo likapoa. Nilimpigia dadangu simu wiki hiyo nikiwa na hasira tele. Akanisikiliza hadi nikamaliza, kisha akasema, "Mama Neema, sisi hiyo tofauti tunailipa tangu zamani. Yeye amesema tu kwa sauti."

Sisi wa ng'ambo tumo katika hesabu hii. Kikundi chetu cha hapa hutuma pesa za madawati na matangi ya maji, na tutaendelea kutuma, kwa kuwa mtoto aliyeketi sakafuni leo hawezi kungoja kesi ya katiba. Lakini nimeanza kuwasihi wenzangu tutume na karatasi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakisemi bure isipokuwa Mashimoni. Kama tunajenga choo ambacho serikali ilipaswa kujenga, basi iandikwe: choo hiki, gharama hii, mwaka huu, kimejengwa na hawa. Mtoto wa shule ya mabati naye ahesabiwe serikalini, apate zile shilingi 1,420 kama wa Ayany, na shule yake ikaguliwe kwa nia ya kuirekebisha kabla ya kufikiria kuifunga.

Dadangu hakungoja hotuba yangu. Muhula huu yeye na wazazi wachache wamenunua daftari la kurasa mia mbili, na kila senti inayotolewa na mzazi inaingizwa humo: mshahara wa mwalimu wa BOM wa Gredi ya Tatu, maji ya bowza, chaki, kufuli la lango. Fundi wa mjengo, yule wa Jumamosi, ndiye aliyepewa kulitunza kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Mwisho wa mwaka watajumlisha, watoe nakala, wapeleke ofisi ya elimu ya Dagoretti na kwa mbunge, na wakae wasubiri hadi mtu awapokee.