Taa imewaka, matairi ya mbele hayavuti

Kutoka Maneromango, wilayani Kisarawe, kwenda Mlandizi, barabara haina haraka. Inapita kwenye mikorosho, inavuka reli ya Tazara pale Mzenga, kisha inaingia Wilaya ya Kibaha kuelekea bonde la Ruvu. Kiangazi, udongo mweusi wa mabondeni hupasuka nyufa za kuingiza kidole. Masika yakikolea, udongo uleule hujaa kwenye tairi mpaka tairi jipya linaonekana kipara.

Ni kwenye njia hii gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya, Land Cruiser ya siku nyingi, lilikwama masika yaliyopita. Ndani alikuwamo mama aliyejifungua muda mfupi kabla, na damu ilikuwa haijakata. Muuguzi alikuwa akimsugua tumbo ili kizazi kijikaze.

Dereva aliingiza fowili. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Akakanyaga mafuta, matairi ya nyuma yakachimba shimo, ya mbele yakatulia kama yameegeshwa.

Vijana waliokuwa shambani walisukuma karibu saa nzima. Mwisho trekta ndilo lililowatoa. Mama alifika Kibaha, akaongezewa damu, akapona.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wajawazito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Tanzania sasa ina mfumo wa m-mama, ambapo simu ya bure ya namba 115 humtafutia mama gari. Lakini gari likishapatikana, ucheleweshaji wa pili unabaki mikononi mwa dereva, na mara nyingine kwenye kifaa cha ukubwa wa bakuli kilichofungwa katikati ya tairi la mbele. Mafundi wanakiita habu.

Wiki iliyofuata dereva alilipeleka gari kwa fundi mmoja mtu mzima, Mlandizi.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Linasumbua nini?”

“Fowili haivuti. Na taa inawaka kabisa.”

“Taa inakuambia gia imeingia. Habu haina taa.”

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kwenye magari ya aina hii, kuvuta gia ndogo hupeleka nguvu kwenye propela ya mbele, hadi kwenye difu na ekseli. Kinachounganisha ekseli na tairi ni habu. Ikiwa kwenye FREE, tairi huzunguka peke yake na vyuma vya ndani hupumzika. Ikiwa kwenye LOCK, vinashikana. (Mmarekani Arthur Warn alianza kuuza habu za namna hii mwaka 1948, kwa wenye jipu za jeshi waliotaka kuzitumia kwenye barabara za kawaida.)

Fundi alizuia matairi ya nyuma kwa mawe, akapiga jeki mbele mpaka matairi yote mawili yakaacha ardhi, akaegemeza ekseli kwenye magogo. Kwanza aliweka habu zote FREE. Matairi yakazunguka mepesi, kimya. Sawa.

Kisha akazigeuza LOCK, akaingiza fowili na gia, injini ikiwa imezimwa. Hapo, ukisukuma tairi la kushoto kwenda mbele, la kulia lazima lirudi nyuma. La kushoto lilizunguka kwa uzito, difu ikinguruma ndani, lakini la kulia halikutikisika. Aliposukuma la kulia, likaenda jepesi kama la baiskeli, bila sauti. Habu ya kulia ilikuwa haishiki.

Dereva akauliza kwa nini basi la kushoto nalo halikuvuta siku ile. Jibu liko kwenye difu: hupeleka mzunguko kwenye upande mwepesi. Ekseli ya kulia ilikuwa ikizunguka bure ndani ya habu, na ya kushoto haikuwa na sababu ya kuhangaika. Habu moja ikifa, matairi yote mawili ya mbele yamekufa.

Zilifunguliwa boliti sita ndogo za kifuniko. Ndani, grisi ilikuwa imechanganyika na maji ikawa nyeupe kama maziwa, sehemu nyingine imekauka. Pete yenye meno ilinasa nusu ya njia. Juu ya kitufe cha kugeuzia kulikuwa na mikwaruzo mirefu.

“Unaigeuza na nini hii?”

“Koleo. Mkono haiendi.”

“Ikikataa mkono, inaumwa. Ukiilazimisha na koleo unaivunja.”

Vyuma vilioshwa kwa mafuta ya taa, vikapakwa grisi kidogo tu, kwa sababu ikijazwa nzito pete haitelezi. Nati za habu zenyewe zilikazwa, maana zikilegea, boliti hukatika kwenye tope.

Fundi hakuishia hapo. Alishika propela ya mbele na kuitikisa kwa mkono. Ikicheza kwenye msalaba, gari litagonga kila likipokea nguvu. Akataka gari lijaribiwe kwenye mchanga, fowili imeingizwa, usukani umekatwa hadi mwisho. Sauti ya ka-ka-ka hapo ni jointi ya ekseli kuchoka. Mafuta yakivuja nyuma ya tairi, huenda sili imekufa na mafuta ya difu yanaosha grisi ya jointi.

Kwa masika, ushauri wake ulikuwa mwepesi: habu ziachwe LOCK muda wote, hata kwenye lami, ila gia ya fowili isiingizwe kwenye lami ngumu. Kiangazi, mara moja kwa mwezi, gari liendeshwe na fowili kilomita chache kwenye mchanga ili vyuma visigande.

Dereva alizunguka gari, akageuza habu zote mbili kwa vidole. Zikaenda. Alipogeuka kuchukua koleo lake kwenye bonati, halikuwepo. Fundi alikuwa ameshalitupia kwenye sanduku lake la spana.

“Hili liache hapa,” alisema.