Tulienda kuona sokwe

Mwaka jana vijana wa kikundi chetu hapa Kyangwali tulipelekwa kutembea Budongo, msitu ulio upande wa Masindi. Wenzangu walitaka kuona sokwe. Mimi, nisiwadanganye, nilisikia kuna wali na nyama.

Kiongozi wetu alitufikisha Sonso. Zamani palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Nyumba za kiwanda ndizo wanazolala watafiti wa sokwe, kazi iliyoanzishwa mwaka 1990 na Mwingereza Vernon Reynolds. Kilichotafutwa zaidi kilikuwa mkangazi, yaani mahogani. Miti mingine ilihesabiwa kuwa ya bure, na mabwana misitu wa wakati ule waliitilia sumu ili mkangazi upate nafasi. Lakini palipokatwa ikaota miti mingi ya matunda, na sokwe wakaendelea kula humo humo. Tuliwaona wanne. Mmoja mkono wake ulikuwa umepinda. Kiongozi akasema ni mtego wa waya, uliotegewa mnyama mwingine.

Kilichonishika si sokwe. Tulipotoka msituni tulipumzika kijijini, na mzee mmoja akatusalimia kwa Kiswahili. Kiswahili chetu kabisa, cha Ituri! Nikamuuliza, "Baba, ulikimbia mwaka gani?" Akacheka.

"Mimi sikukimbia, mwanangu. Nimezaliwa hapa. Baba yangu alitoka Mahagi kuja kutafuta kazi ya mbao."

Kumbe wengi walikuja hivyo, kutoka Congo na West Nile. Kiswahili kikawa lugha yao ya kazini. Kiwanda kikafungwa, mashine zikaota kutu, watu wakabaki. Mzee akasema mpaka leo wako wanaomwita Mkongo.

Nikamwambia mimi nilivuka Ziwa Albert kwa boti mwaka 2018, na kwamba tutarudi hali ikitulia. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema: "Baba naye alisema tunarudi. Kila tulipotaka kupanda mwembe alikataa, eti tunapandia nani? Miaka arobaini, bwana. Sasa mimi mzee mzima nanunua maembe sokoni."

Watu wote walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini lile neno lilinichoma, kwa sababu ndilo nililomwambia mama. Alitaka kupanda mwembe nyuma ya nyumba, nikamkataza. Nilidhani anataka kusahau kwetu.

Jioni nilipofika nyumbani nilimweleza mama habari za yule mzee. Hakunijibu kitu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akanionyesha kopo la mafuta lenye udongo, na ndani mche wa mwembe wenye majani manne. Alikuwa ameuficha muda wote huo.

"Tukirudi," akasema, "atakayekuja nyuma yetu atakula."

Nikachukua jembe. Sijaacha kuhesabu miaka ya kurudi. Ila sasa asubuhi nikishapiga mswaki, yale maji yanayobaki namwagia mwembe.