Daftari la Mama

Ndugu yetu mkubwa alipoanza kuzungumza na watu tusiowaona, na kukisusia chakula akidai kimetiwa sumu, sisi wa nyumbani tulibisha hodi kila mahali. Maalim alimsomea, akatulia kidogo, tukamshukuru Mola. Hospitali ikamwanzishia sindano ya kila mwezi. Zahanati ya mtaani ikampima sukari, isijue habari ya sindano. Wote walitupokea kwa wema. Hakuna aliyejua kuwa mwenziwe yupo.

Aliyewaunganisha ni mama, kwa daftari lake la shule lenye tarehe na majina ya dawa. Mama alipolazwa kwa shinikizo la damu, sindano ilipita bila yeyote kutuuliza. Ndugu yetu akatoweka. Tulimpata siku ya tatu sokoni Kongowea, miguu mitupu, hata sisi hatutambui.

Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 imezitwika serikali za kaunti jukumu la kuzifikisha huduma hizi kwa jamii. Sisi twaomba lililo dogo: muuguzi wa zahanati ajuane na daktari, mhudumu wa afya ya jamii abishe hodi sindano ikipita, na wasomaji wa ruqya wasimwachishe mgonjwa dawa. (Maalim wetu hakuwahi, Allah amjazi kheri.)

Daftari tumelinakili: nakala moja zahanati, nyingine kwa maalim. Mwezi huu ni yeye aliyetupigia simu, baada ya Alfajiri, kutukumbusha sindano.