Majina Mbele ya Milango ya Berlin

Kutoka Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George wilayani Kasese, hadi Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, ni mwendo mrefu. Lakini katika njia za mji huo limo jambo linalomhusu msomaji wa huku, hasa aliyevaa sare.

Mgeni atembeaye kwa miguu huko huona, mbele ya milango ya nyumba, vijiwe vyenye bamba la shaba ya manjano, sentimita 10 kila upande. Juu yake pameandikwa kwamba hapa aliishi fulani, mwaka aliozaliwa na mahali alipofia. Atakaye kusoma hana budi kuinama.

Msanii Gunter Demnig aliianza kazi hiyo mwaka 1992, na kufikia mwaka 2023 vijiwe vilitimia 100,000 barani Ulaya. Wengi wa wanaotajwa ni Mayahudi. Mwaka 1933 Berlin ilikuwa na Mayahudi wapatao 160,000. Zaidi ya 50,000 kati yao waliuawa na serikali ya Hitler.

Penye nyumba namba 193, barabara ya Brunnenstraße, tangu mwaka 2007 kipo kijiwe cha mwenzetu. Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana huko kwa jina la Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa Kisudani. Vita vya 1914 vilipoanza, akiwa mtoto wa miaka 10, aliingia jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara yao ya vita, akakataliwa. Akabaki huko, akahudumu hotelini, akafundisha Kiswahili chuoni na kuigiza katika sinema. Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji; akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuhusiana na mwanamke wa Kijerumani, akafia katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Alidai haki ya askari. Baada ya miaka 63 akapewa kijiwe.

Wengi hata hicho hawana. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo vya kwanza wakiwatumikia Waingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao.

Basi, ndugu askari na mama wa nyumbani, ikiwa katika ukoo wenu yupo mzee aliyebeba bunduki au mizigo ya vita, mwulizeni anayemkumbuka, mwandike jina lake na kijiji chake katika daftari, na watoto walisome. Shaba ina gharama. Kalamu i karibu.