Jicho la Mpenda Saa
Wapenda saa wengi huanza na kung'aa, nami nilianzia huko. Ujanani nilitaka saa kubwa ya rangi ya dhahabu, yenye mkanda wa chuma unaolia mkono ukitikisika, ili hata aliye upande wa pili wa soko la Masara, huku Migori, Kenya, ajue nimefika. Dhahabu yenyewe haikuwamo. Ilikuwa rangi tu juu ya chuma, na jasho liliila taratibu kuanzia pembeni.

Na Masara ndipo mahali pa kuijua dhahabu. Mgodi wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo wa Migori hawajaacha. Jiwe husagwa, unga wake huoshwa, zebaki hukusanya chembe, kisha moto huifukuza zebaki. Kinachobaki ni kidonge kilichofifia ambacho mgeni angekipita bila kugeuka. Wahenga walituonya kwamba si vyote ving'aavyo ni dhahabu. Mnunuzi wa hapa anaujua na upande wa pili wa methali hiyo: dhahabu nayo huweza kutoka bila kung'aa, ndiyo maana huiamini mizani kuliko macho.

Nilipoanza kuuliza saa ina nini ndani, jicho langu lilihama. Nikazipenda Seiko 5, aina iliyotoka Japani mwaka 1963, zinazojijaza kwa mwendo wa mkono bila betri, siku na tarehe zikikaa katika kidirisha kimoja. Fundi alipofungua kifuniko cha nyuma, nikaona kigurudumu kikienda na kurudi bila kuchoka, nikasahau kabisa rangi ya nje. Nikawa nazinunua kila nilipozipata. Tatizo ni kwamba saa ya kujijaza ikivuliwa kwa siku mbili hivi husimama. Droo ikajaa saa nzuri zilizolala, kila moja na majira yake. Mkono ni mmoja, na mwenye saa nyingi huwa mlinzi wa ghala.

Jirani yangu mchimbaji ana saa moja tu, Casio F-91W, ya plastiki, muundo wa mwaka 1989. Betri yake hudumu miaka saba hivi. Fuwele iliyo ndani hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, kwa hiyo hushika majira kuliko Seiko zangu zote. Yeye hutaka kujua zamu inaisha lini, basi.

Siidharau saa yangu ya kwanza. Kijana aliyetaka kuonekana aliihitaji, kama mtu mzima aliyetaka kuelewa alivyozihitaji zilizofuata. Kila umri una njaa yake, na si vyema kuicheka njaa uliyokwisha kuishibisha. Ila siku hizi, kabla ya kutoa pesa, hujiuliza swali moja: je, ningeivaa hata kama mkono wa shati ungeifunika daima? Nikisita kujibu, namrudishia muuzaji saa yake na kumshukuru.