Spika ikipiga filimbi

Sisi tunaoimba hapa Nakivale tunajua: ukisimama na maiki mbele ya spika, inapiga filimbi kali, watu wanaziba masikio. Sauti imetoka kwa spika, imerudi kwenye maiki, inazunguka tu. Dawa ni spika zikae mbele yetu, zielekee watu, na mkono usifunike kichwa cha maiki.

Lakini si kila mkwaruzo ni kosa. Konono Nº1 wa Kinshasa walitengeneza maiki kwa sumaku za magari ya zamani. Likembe zao zikakwaruza, na dunia ikazipenda.

Maneno ya watu nayo tuyachuje. "Hatusikii maneno" inatusaidia. "Shuka!" haisaidii kitu. Dada yetu mmoja aliambiwa hivyo, akaacha kuimba. Dada, Jumamosi uje. Spika tutakupangia sisi.